Miaka Yangu ya Kupika Bila Moto

Vijana wangu wa jikoni, mwezi uliopita nilivua aproni, nikakabidhi ufunguo wa stoo, nikarudi nyumbani kulala mpaka jua lipande. Siku ya kuagana mliniomba niwaandikie jinsi nilivyoianza kazi hii. Nadhani mlitarajia habari za karamu kubwa na ndama waliobanikwa wazima. Hizo ninazo, lakini hazifundishi kitu, maana ndama akishaiva ameiva. Nitawaandikia habari za enzi za Mdachi, nilipokuwa mpishi wa nyumba ambayo jiko lake halikuwashwa.

Nilianza Bomani Arusha, kuosha sufuria za maofisa. Mkuu wa jiko alikuwa Feruzi, mtu wa Pangani, ambaye hakuwahi kuisamehe baridi ya Meru. Alipika amevaa kanzu, na juu ya kanzu blanketi, na kwenye mwezi wa Julai alipika amekaa karibu na moto kiasi kwamba hatukujua kama anachungulia supu au anajikausha yeye. Siku ya kwanza alinipa kisu na lundo la vitunguu, akanipa mgongo. Nikakata. Baada ya muda akasema bila kugeuka, "Nasikia unaponda. Hukati." Akaninyang'anya kisu, akanifundisha kunoa, na kwa wiki kadhaa sikufanya kazi nyingine ya maana. Kitunguu kikikatwa na kisu kikali hakimwagi maji ubaoni, na wewe mwenyewe hulii. Mpaka leo nikiingia jiko lolote nasikiliza kwanza, halafu ndiyo natazama.

Feruzi alinifundisha supu, mkate, na nyama ya kuoka. Aliamini kwamba mpishi ni moto tu, na mengine yote ni mapambo. Kitu kibichi alichokiheshimu kilikuwa kachumbari, na hiyo aliifanya kwa haraka, kama mtu anayekohoa. Nilipokuwa nimeiva yeye mwenyewe ndiye aliyenitafutia kazi. Mdachi mmoja alikuwa amefungua shamba la kahawa Usa River, mkewe alikuwa amewasili kutoka Ulaya, na walihitaji mpishi. Nikavuka Mto Themi asubuhi na kisu changu kimefungwa kwenye kitambaa, nikishuka njia ya mashariki kama mtu anayekwenda kutawazwa.

Bibi mwenyewe alinipokea. Alikuwa mrefu, mwembamba, na Kiswahili chake alikuwa amekisoma kitabuni melini. Kilikuwa safi kuliko changu. Mimi nilikuwa Mwarusha wa kutoka upande wa magharibi wa mlima, Kiswahili nilikiokota Bomani pamoja na mabaki ya mkate. Jina langu, Meshilieki, lilimshinda, akanibatiza Mischi. Akanipeleka jikoni. Humo lilisimama jiko la chuma ambalo sijaona jingine kama hilo, lenye milango minne na miguu ya simba, zawadi ya mama mkwe wake. Kila tundu la moto lilikuwa na chungu cha maua.

"Jiko hili, Mischi, halitawashwa," alisema.

Nilidhani ni bovu. Nikamwambia kwamba Feruzi amenifundisha kuziba nyufa kwa udongo na majivu. Akanieleza kwa upole kwamba jiko ni zima. Yeye ndiye aliyekuwa mbovu zamani. Utotoni tumbo lilimsumbua karibu afe, mpaka mganga mmoja wa kwao alipomkataza kila kilichopikwa na kila kilichochinjwa, akampa mboga mbichi, akapona. Tangu siku hiyo hakutaka moto uguse chakula chake. Akanieleza pia kwamba kwao kuna majira baada ya theluji, ardhi inapoamka, ambapo vitu vya rangi hutoka ardhini kila upande, na watu huvila vikiwa bado na umande. Akaniuliza majira hayo huku yanaanza lini.

Nikamwambia tuna masika, kiangazi, kipupwe na vuli. Akataka kujua ni lipi kati ya hayo ambapo ardhi inaamka. Nilitazama migomba nje ya dirisha, nikashindwa kukumbuka ni lini ardhi ya Meru iliwahi kulala. Nikamwambia ukweli huo. Alifurahi kupita kiasi. Akasema basi tutakula majira hayo mwaka mzima.

Utaratibu wetu ukawa huu. Asubuhi Bibi alitembea mpaka kingo za mto, akatazama miti na mlima, akarudi na rangi. Kifabakazi kikichanua alisema, "Leo nyekundu," nami nikachuma nyanya na figili. Mringaringa ukitoa maua meupe, nikakata kabichi. Kwa manjano tulikuwa na maua ya maboga, ambayo aliyala kama yalivyo, na kwa zambarau kulikuwa na kabichi ya rangi hiyo aliyoipanda kwa mbegu za kwao. Bustani niliihudumia mwenyewe, kando ya mfereji ulioleta maji kutoka mlimani. Asubuhi moja ukungu ulifunika kila kitu, akarudi akaniambia, "Leo kijivu." Nilizunguka bustani kwa muda mrefu. Mwisho niliwapelekea figili nyeupe zilizochanwa nyembamba kama kucha. Bwana aliitazama sahani, kisha akamuuliza mkewe kama anategemea mlima utafunguka kabla ya chakula cha jioni.

Msicheke mkadhani kazi ilikuwa rahisi. Nyama mbaya utaificha kwa mchuzi, wali ulioungua utasema ni utandu, lakini jani halina mahali pa kujificha. Chuma kabla jua halijapanda. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, na hapo ndipo nilipopewa ruhusa ya kuwasha moto, nyuma ya banda, kwa ajili ya maji tu, kama mtu anayevuta sigara kwa siri. Tenga kiazi kile chekundu cha Ulaya, kile kinachovuja rangi kama damu, ama sivyo sahani nzima itaonekana imejeruhiwa. Ndimu na chumvi weka watu wakiwa wameshakaa, kwa sababu saladi ikingoja inalala kama nguo iliyonyeshewa.

Bwana alikuwa mtu mkubwa mwenye njaa ya mtu mkubwa. Alimpenda mkewe, akala vyote bila kulalamika, kisha akaenda kukagua kahawa. Alikagua sana. Alikagua hasa sehemu inayopakana na nyumba za Wameru, ambako ilikuwapo bibi kizee mmoja mwenye mtori mzuri, na alirudi na masharubu yanayong'aa. Mimi nilimkaribisha mlangoni kwa taulo. Hatukuzungumza habari hiyo hata mara moja.

Lakini wengine walizungumza. Wanawake waliopita na mikungu ya ndizi walichungulia, wakaona Wadachi wawili wenye shamba kubwa wanatafuna majani, wakahuzunika. Asubuhi moja tulikuta mkungu umeachwa barazani, kama unavyopelekwa kwa watu waliofiwa. Bibi akapewa jina, Bibi Majani. Jina likavuka mto, likapita mjini, likazunguka mlima, likafika Olmotonyi, mahali ambapo mimi hasa sikutaka lifike.

Olmotonyi alikaa Nasieku, binti niliyetaka kumwoa. Baba yake, Mzee Lomunyak, alikuwa na ng'ombe wengi na maneno machache. Nilikuwa nimejisifu kwake kwamba mimi ni mpishi wa Mdachi, na hilo lilimpendeza, kwa kuwa aliwaza moshi, mafuta na nyama. Nilipokwenda kuwasalimia, nikainamisha kichwa aniguse utosini kama desturi yetu, mkono wake ulichelewa kufika.

Nasieku ndiye aliyenieleza, tukiwa nje kwenye boma la ndama. Alisema baba yake amesikia kwamba ninawalisha Wadachi kama mbuzi.

"Ni kweli?" aliniuliza.

Nikamwambia mbuzi hawawekewi ndimu.

Hakucheka. Alisema baba yake amesema mtu asiyewasha moto hawezi kuitwa mpishi, na mtu aliyedanganya kuhusu kazi yake atadanganya kuhusu ng'ombe. "Anakuja kuona mwenyewe," alisema. "Na akirudi na jibu baya, kuna mtu mwingine anayengoja nje."

Mzee alikuja kweli, peke yake, kwa miguu, na fimbo yake na shuka lake jekundu. Nilitaka kumketisha nyuma ya banda nimpe maziwa, lakini Bibi alimwona kupitia dirishani, akatoka akamshika mkono, akamwingiza mezani. Alikuwa na shauku ya wageni. Wadachi wenziwe walikuwa wameacha kuja kula kwake. Hivyo nikajikuta namwandalia baba wa Nasieku sahani ya saladi, karoti, maua ya maboga na kile kiazi chekundu, kwa kuwa Bibi alikuwa ametangaza siku hiyo ni ya rangi zote.

Mzee aliitazama sahani kwa muda. Hakujua Kiswahili, na Bibi hakujua Kiarusha, kwa hiyo nilisimama katikati yao, na katika maisha yangu sijawahi kusimama karibu na moto mkali kuliko huo.

"Muulize kama ng'ombe wao wamekufa wote," alisema Mzee.

Nikamwambia Bibi kwamba mgeni anauliza hali ya mifugo. Bibi akajibu kwamba wanyama ni ndugu zetu, na yeye hawezi kumla ndugu. Nikamwambia Mzee kwamba Bibi anawapenda ng'ombe kama watu wa ukoo wake. Mzee akamwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu mwenye akili.

Kisha akakiona kile kiazi. Rangi ilikuwa imesambaa chini ya majani. Akachovya kidole, akaonja, akauliza ni ya mnyama gani. Kabla sijatunga jibu Bibi, ambaye hakuelewa swali, alianza kumweleza imani yake. Alisema kitu kizuri hutoka kikiwa hai, na moto hukiua, na mtu anayekula kilichokufa anakula nusu. Uongo ulikuwa umeniishia. Nikatafsiri neno kwa neno.

Nje Bwana alikuwa amesimama kwenye kivuli, hathubutu kuingia wala kuondoka.

"Ni kweli," alisema Mzee hatimaye. "Maziwa tunayanywa yakitoka. Damu tunainywa ingali ya moto. Mbuzi akichinjwa, figo inaliwa kabla kuni hazijashika. Kilicho bora chote tunakila kabla moto haujakifikia. Vilivyobaki ndivyo tunavyopika, ili wasioonja wasijue wamekosa nini."

Nilimpelekea Bibi maneno hayo, ila damu nikaiita kitu chekundu kama hiki kilichomo sahanini. Bibi alifurahi mno. Akauliza wao hukilima wapi. Mzee akajibu, "Shingoni mwa ng'ombe." Nikamwambia Bibi kwamba kinapatikana nyumbani kwa Mzee, karibu na ng'ombe.

Mzee alikula karoti moja kwa heshima, maua hakuyagusa, akaaga. Njiani nikimsindikiza alisema kwamba kazi yangu bado haielewi, ila yule mwanamke ni mtu timamu, na kijana anayeaminiwa na mtu timamu anaweza kusubiriwa. Kwa kinywa cha Mzee Lomunyak hiyo ilikuwa ndiyo. Niliporudi nyumbani nilikuwa naelea, mpaka Bibi aliponiambia kwamba siku ya harusi atakuja Olmotonyi mwenyewe, akaione ile bustani nyekundu.

Alikuja. Nilijaribu kumzuia kwa mvua, kwa umbali, kwa chui. Alikuja na Bwana, juu ya punda, na kofia yenye maua ya kweli. Watu wa Olmotonyi walimkaribisha kama mama yangu wa kazini. Mzee Lomunyak hakuwa amemsahau. Akaamuru dume zuri lishikwe, kamba ikafungwa shingoni, kijana akapiga mshale mfupi kwenye mshipa, na damu ikaingia kwenye kibuyu. Mzee akaichanganya na maziwa, akaipeleka mwenyewe mpaka alipoketi Bibi. Huo ulikuwa mgao wa mgeni mkubwa.

Bibi alitazama kibuyu. Kisha akanitazama mimi. Nilikuwa nimevaa shuka jipya na shanga za harusi, na hapakuwa na mahali pa kukimbilia.

"Mischi," alisema, "hii ndiyo bustani?"

Nikamwambia ndiyo, Bibi.

Akauliza kama dume litakufa. Nikamwambia hapana, mshipa huzibwa kwa kinyesi na udongo, nalo hurudi malishoni. Tukalitazama wote wawili. Dume lilitikisa kichwa, likasogea, likaanza kula majani kama kwamba hakuna kilichotokea. Bibi alilitazama kwa muda, na uso wake ulikuwa wa rangi ile ya siku ya ukungu. Nasieku, ambaye hakuruhusiwa siku hiyo kuinua macho, alikuwa ameyainua.

Bibi akakipokea kibuyu kwa mikono miwili. Alikunywa kidogo, kiasi cha kulowesha midomo, akameza, akakirudisha kwa shukrani zilizotoka kitabuni, ndefu na kamili. Mzee aliupokea mkono wake akaushika. Nyuma ya nyumba Bwana alikuwa amepata ubavu wa mbuzi na alikuwa hajui lolote.

Katika safari ya kurudi Bibi alimtanguliza punda wake mpaka tulipoteremka mjini. Kisha aliniambia bila hasira kwamba mara moja tu alinikataza kupika, nami nimekwenda nikapika maneno. Nikaomba radhi. Akasema angekasirika kama kisingekuwa chakula kizuri cha kuwalisha watu wawili waliokuwa hawasikilizani.

Nasieku akaja kuishi nami Usa River, kwenye nyumba ya nyuma ya bustani. Alikuwa binti wa baba yake. Tulikula loshoro, mahindi na maziwa ya mgando, na tukipata nyama tulikula nyama. Mboga za Bibi alizipita kama mtu anavyopita duka la nguo za kizungu. Basi akashika mimba, na mambo yakabadilika. Alianza kuamka akitaka figili. Si figili iliyopikwa, wala iliyokatwa. Alitaka iliyotoka ardhini, na udongo kidogo ukibaki. Nilimkuta amechuchumaa kwenye matuta akitafuna huku machozi ya ukali yakimtoka, naye amefurahi kabisa. Bibi alimkuta pia.

Kwa Bibi hiyo ilikuwa siku kubwa. Tangu afike Afrika alikuwa hajampata mtu hata mmoja wa kumfuata. Alimpa Nasieku tuta lake, akampandia karoti na figili, akaketi naye kila asubuhi wakitafuna pamoja. Lugha hawakuwa nayo. Walionyeshana rangi. Nami nilikatazwa na wote wawili kutafsiri.

Mtoto alipozaliwa, hamu ikaisha siku hiyohiyo. Nasieku aliomba nyama, na kuanzia hapo figili ilimtia kichefuchefu hata akiisikia harufu. Hakuwa na moyo wa kumwambia Bibi. Bibi alipokuja kumwona mtoto, alileta karoti kwenye kikapu, na Nasieku alikula moja mbele yake huku akitabasamu, akaimeza kwa shida kama dawa ya minyoo. Akaendelea hivyo, kila Bibi alipokuja. Nilimwuliza kwa nini anajitesa. Alinijibu kwamba yule mama alikunywa kibuyu cha baba yake mbele ya ukoo mzima, na mimi nisimfundishe adabu.

Vita ikaja. Bwana alivaa sare akaenda, nasi tulibaki na Bibi, bustani, na kahawa isiyokuwa na mtu wa kuinunua. Waingereza walipoingia Arusha, iliamriwa Wadachi wote waondolewe. Likaja gari la ng'ombe kumchukua Bibi kwenda Moshi. Aliruhusiwa mizigo michache. Aliniaga kwa mkono, akanishukuru kwa kila sahani, akaniambia sasa naweza kuliwasha jiko.

Nasieku hakuwa pale. Nilidhani ameshindwa kuaga. Gari lilipoanza kwenda nililifuata kwa miguu, na kule mbele, penye kona ya barabara kabla ya mto, nikamwona amesimama kando, mtoto mgongoni, karoti mkononi, bado ina majani yake. Askari alimpungia asogee. Hakusogea. Gari lilipomfikia, aliipandisha karoti mahali ambapo Bibi angeiona, akaing'ata. Akatafuna. Bibi alimgeukia, akashika ukingo wa gari kwa mikono miwili, akacheka na kulia kwa pamoja, na Nasieku akang'ata tena, akatafuna macho yakiwa wazi, bila kukunja uso, mpaka gari likazunguka kona na mavumbi yakatulia.

Kisha akainama kwenye majani ya kando ya barabara, akatema yote, akajifuta mdomo kwa shuka, akaniambia twende nyumbani nikambanikie nyama.